Fungu la Baba Mkwe

Tai ya Fundi ilikuwa imekaa upande, na Wakili alikuwa anaulazimisha mkono wake usiende kuinyoosha. Walikuwa wamekaa ng'ambo ya meza moja ndefu, kwenye chumba cha mikutano chenye baridi ya kutosha kuhifadhia samaki. Kila alipoinua macho kutoka kwenye karatasi zake, alikutana na macho yale makubwa yasiyojua kukaa kimya. Mapenzi hayana adabu hata kidogo. Yanataka kujionyesha hata mbele ya mwekezaji.

Akashusha macho. Leo hakuja pale kama mchumba.

"Hivi leo wewe ni wakili wa nani?" Fundi alikuwa amemtania asubuhi, wakipanda ngazi.

"Wa kampuni."

"Na kampuni ni ya nani, kama si yangu?"

"Kampuni ni mtu mwenyewe. Ina jina lake, mali yake na madeni yake. Siku mkikosana, mimi nitasimama upande wake, siyo wako."

"Basi namwonea wivu huyo mtu."

Walicheka mpaka mlinzi wa ghorofa ya pili akatoa kichwa. Asubuhi ile kicheko kilikuwa bado kinapatikana bure.

Walikutana kwa njia hiyohiyo ya sheria na utani. Wakili alikuwa na mazoea ya kufundisha vijana wenye kampuni changa siku za Jumamosi, bila malipo, jinsi ya kupokea pesa za watu bila kujitia kitanzi. Somo lake la kwanza lilikuwa halibadiliki. "Kabla hujapokea pesa ya mtu," alikuwa akisema, "hata awe mama yako mzazi, muulize: hii ni zawadi, ni mkopo, au ni hisa? Zawadi hairudi. Mkopo unarudi, kampuni ipate au ikose. Mwenye hisa anaingia ndani ya nyumba, mnakula pamoja na mnalala njaa pamoja. Mkishaelewana, andikeni."

"Na mtu akikupa moyo wake?" sauti iliuliza kutoka kiti cha nyuma.

Darasa zima liligeuka. Alikuwa kijana mrefu, mwenye mafuta ya mashine kwenye kucha, anayeunda makasha ya kupozea dawa kwa ajili ya zahanati zisizo na umeme.

"Aandike kwanza," Wakili alijibu, na darasa likaangua kicheko. Fundi hakucheka. Alimtazama tu, na yeye akasahau somo lilipofikia.

Nyumbani, baba yake Wakili hakutaka hata kusikia. Mzee alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu aliyetumia maisha yake yote kuwawekea watu mawe ya mipaka ili wasigombane, na aliamini mume ni mtu mwenye mshahara. "Yule kijana anagonga mabati," alikuwa akisema. "Yule kijana atakulisha nini, baridi?" Miezi ikaenda, machozi yakamwagika, mama akawaombea kimyakimya. Halafu jioni moja, bila onyo, Mzee akaweka gazeti chini akasema, "Mwambie mwanangu aje tupange siku ya harusi."

Mwanangu! Wakili alilia kwa furaha, akamkumbatia baba yake mpaka miwani ikadondoka. Hakuuliza kimetokea nini. Mtu anayeshukuru hana muda wa kuuliza.

Sasa mbele yao alikuwa amekaa mwekezaji, mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi, ambaye vijana walimpachika jina la Mama Mtaji. Alikuwa msikilizaji kuliko msemaji. Kando yake alikaa wakili wake, Bwana Koma, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila alipofika kwenye koma ya mkataba alisimama kama gari kwenye taa nyekundu. Pesa za Mama Mtaji zikiingia, karakana itanunua mashine na wafanyakazi watapata mishahara waliyokuwa wakiisubiri. Zisipoingia, karakana inafungwa, na Fundi alikuwa hana mlango mwingine wa kubisha.

"Tumebakiza tamko la mwanzilishi," Bwana Koma alisema. Akasafisha koo. "Natamka kwamba, mbali na walioorodheshwa, hakuna mtu mwingine, awe ndugu, rafiki au jamaa, aliyepewa au kuahidiwa hisa katika kampuni hii, kwa maandishi au kwa mdomo. Na endapo tamko hili si la kweli, nitawajibika mimi binafsi."

"Sawa kabisa," alisema Fundi, akachukua kalamu.

Hapo mlango ukagongwa. Msichana wa mapokezi akachungulia. "Samahani, kuna mzee anasema naye ni wa kikao hiki."

Kabla hajamaliza, Mzee akaingia. Alikuwa amevaa suti aliyoagwa nayo kazini, na mfukoni ilichomoza kalamu yake ya wino.

"Baba?" Wakili alisimama. "Kuna tatizo nyumbani?"

"Tatizo litoke wapi siku njema kama hii? Mama yako kaniambia mnatia sahihi leo." Akawazungukia wote akiwapa mkono, mmoja mmoja, akamalizia kwa kumpigapiga Fundi bega. "Nikasema haiwezekani mwenye kampuni akae nyumbani anamwagilia maua. Mwanangu hapa ananionea huruma, hataki kunisumbua. Lakini fungu langu ni langu, lazima nije nilione likikua."

Mama Mtaji aliweka kikombe chake chini.

"Mzee wangu, karibu," alisema. "Umesema una fungu?"

"Dogo tu. Sehemu moja ya kumi." Akacheka kwa fahari. "Lakini mpima ardhi hadharau kiwanja kidogo."

Wakili akamgeukia Fundi. *Sema kitu*, aliomba moyoni. *Sema ndiyo, nilisahau, niliona haya, sema chochote ambacho ni kweli.*

Fundi akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, asichokuwa amewahi kukisikia.

"Mzee anatania," alisema. "Baba mkwe wangu huyu, mama. Ana utani sana. Tunamwita mwenye kampuni kwa heshima tu."

Wakili hakuwahi kumwona mtu akipigwa kofi bila kuguswa, ila siku ile alimwona. Mzee alibaki na mdomo wazi kidogo. Akamtazama Fundi, akamtazama binti yake, akaiona pete kidoleni mwake. Kisha akavua miwani akaanza kuifuta kwa tai, ingawa ilikuwa safi.

"Ndiyo," alisema taratibu. "Natania. Sisi wastaafu tukikosa kazi tunatania."

Baba yake alifuta miwani safi pale tu alipokuwa anadanganya. Aliifuta hivyo mwaka ule mama alipolazwa, akasema ni homa ndogo.

"Basi tuendelee," Fundi alisema, na kalamu ikashuka kwenye karatasi.

"Hapana." Wakili aliweka kiganja juu ya tamko. Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko yeye mwenyewe. "Mimi ndiye wakili wa kampuni. Naomba mapumziko mafupi, nizungumze na mkurugenzi."

* * *

Walisimama kwenye ukumbi mwembamba, kati ya mashine ya kurudufu na chupa kubwa ya maji ya kunywa. Mle chumbani, simu ya Fundi iliyobaki mezani ilisikika ikiunguruma. Bila shaka ni wale wa karakana, wanasubiri habari njema.

"Baba yangu alikupa nini?"

"Taratibu basi, watasikia."

"Alikupa nini?"

Fundi alijipangusa uso kwa kiganja. "Kiinua mgongo chake."

"Chote?"

Fundi akainamisha kichwa kukubali.

"Ukamwambia ni nini? Zawadi, mkopo, au hisa?"

"Usianze kunifundisha."

"Nilishakufundisha! Ulikaa kiti cha nyuma ukanitania, nami mjinga nikacheka."

"Nilimwambia ana fungu lake humu ndani. Moja ya kumi. Na nilichukua karatasi, haki ya Mungu, nilikuwa nayo mfukoni. Nilipoitoa akaitazama kama nimemtukana. Akasema baba na mwana hawaandikiani. Ulitaka nifanye nini? Mkwe unamwandikia mkataba? Nikaona haya, nikairudisha mfukoni."

Hilo Wakili alilielewa, tena kwa uchungu. Aliijua haya ya ukweni, jinsi watu wawili wanaoheshimiana wanavyoweza kuzika jambo zito kwa sababu kulitaja ni utovu wa adabu. Hapo hapo, kama kosa lingekuwa hilo tu, angemsamehe. Angemkumbatia pale pale mbele ya chupa ya maji.

"Haya," alisema kwa sauti ya chini. "Uliona haya kwake. Na mimi? Nilipoandaa orodha ya wenye hisa nilikuuliza kama kuna ahadi nyingine. Tulikuwa wawili tu jikoni kwako. Ukaniambia hakuna."

"Ningekuambia, ungeuliza ilikuwa lini."

"Ilikuwa lini?"

Fundi akatazama viatu vyake, na Wakili akapata jibu. Lile gazeti lililowekwa chini. Lile neno *mwanangu* lililomliza kwa furaha. Baba yake hakuwa amempenda Fundi ghafla. Alikuwa amewekeza.

"Ulimwomba?"

"Alikuja mwenyewe karakana. Akasema kama binti yangu amekung'ang'ania hivi, afadhali nikutie nguvu kuliko kukaa kukulaani. Nilikuwa nimekwama, mpenzi. Ningemkatalia vipi?"

"Sikuulizi kwa nini ulipokea." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, na aliyaacha. "Rudi mle ndani useme. Neno moja tu. Sema ilikuwa hisa."

"Nikisema, nimekwisha. Piga hesabu mwenyewe. Mama Mtaji achukue fungu lake, wafanyakazi wawekewe lao, mzee naye akate moja ya kumi. Mimi nabaki na nusu kavu. Kwa nusu huwezi kupitisha jambo peke yako. Kampuni niliyoitolea jasho iniponyoke?"

"Iponyoke kwa baba yangu?"

"Nitamlipa! Mambo yakikaa sawa, nitamrudishia pesa yake yote na ya asante juu."

"Ukimrudishia, huo ni mkopo. Yeye hakukukopesha. Yeye aliingia ndani ya nyumba, na leo umemwambia mbele ya watu kwamba hajawahi kukanyaga."

Fundi akamshika mikono yote miwili. Ile mikono yenye sugu alizozipenda. Sauti yake ikavunjika.

"Nipe leo tu. Nakuomba. Nyamaza leo tu, mimi nisaini, halafu maisha yetu yote nitakuwa nasema kweli. Wewe ni mchumba wangu au ni wakili wa kampuni?"

"Ni vyote viwili. Na ni binti wa yule mzee tangu nizaliwe."

"Basi chagua."

Alimngoja. Mungu shahidi, alimngoja. Alimtazama machoni akitafuta yule kijana wa kiti cha nyuma, na kwa sekunde chache aliona kama anakuja, midomo ikacheza, kifua kikapanda. Kisha Fundi akageuza uso akatazama mashine ya kurudufu.

Wakili akavua pete. Ilikuwa inabana kidogo, ikabidi aizungushe, na mzunguko ule ulimuuma kuliko maneno yote. Akaiweka kwenye kiganja cha Fundi, akamfunga vidole kimoja kimoja. Alikuwa bado anampenda. Hicho ndicho kilichofanya miguu yake iwe mizito aliporudi ndani.

* * *

Kwenye kiti chake alimkuta baba yake, amekaa ameegemea, anatabasamu. Kalamu ya wino ilikuwa haijafunikwa.

"Nimewarahisishia kazi," Mzee alisema. "Nilimwomba huyu bwana aniandikie kijikaratasi. Kwamba mimi sina dai lolote kwenye kampuni, na kama kuna chochote niliwahi kutoa, ilikuwa zawadi. Nimeshatia sahihi. Mwiteni mwenzenu asaini na yeye, tukapange harusi."

Bwana Koma alijikuna shingo. "Nilimshauri atafute wakili wake kwanza. Akasema ana binti wakili, na kungekuwa na neno, binti angemwambia."

Kama kuna maneno yanayoweza kumkata mtu maini, yalikuwa hayo. Maana Wakili, akiwa wakili wa kampuni, hakuwa na ruhusa ya kumshauri baba yake hata neno moja. Karatasi ile ilikuwa na faida kwa kampuni. Kisheria, alitakiwa kushukuru.

Fundi alikuwa ameingia nyuma yake, akasimama karibu na mlango. Aliiona karatasi, na Wakili akauona uso wake ukifunguka kwa matumaini. Uso ule ulimaliza kazi.

"Kuanzia sasa hivi," alimwambia Mama Mtaji, "mimi si wakili wa kampuni hii. Barua yangu mtaipata leo." Akamgeukia Mzee, akapiga magoti kando ya kiti kama alivyokuwa akifanya utotoni. "Baba, sasa naweza kusema na wewe. Hukuwa unatania."

"Mwanangu, acha."

"Ni kiinua mgongo chako. Miaka yako yote ya kutembea juani. Ichukue karatasi hiyo uichane."

"Mzazi akishatoa, hapokonyi." Mzee alishusha sauti, akawa anambembeleza. "Mimi na mama yako tutaishi, kwani tunakula kiasi gani? Nimetoa kwa ajili yenu. Niliona kijana huyu akishindwa, mtashindwa wote. Sasa asishindwe kwa sababu ya mdomo wangu. Nyinyi muoane mpate amani, mimi fungu langu nimeshalipata."

Wakili alielewa kwamba hakuna sheria itakayomtoa baba yake pale. Alikuwa ameitoa mali yake kununua ndoa ambayo dakika hiyo ilikuwa imekwisha kufa ukumbini. Akinyamaza, Mzee ataondoka na furaha yake na mikono mitupu. Akisema, atambakishia haki yake na kumvunja moyo.

Akanyanyua mkono wa kushoto, akauweka juu ya ile karatasi, vidole vimetanuliwa.

Mzee alitazama. Ilimchukua muda. Akaufuatilia mkono wa binti yake kidole kwa kidole, kama mtu anayetafuta jiwe la mpaka kwenye nyasi ndefu.

"Lini?" aliuliza.

"Sasa hivi. Hapo nje."

"Kwa sababu yangu?"

"Hapana, baba. Si kwa sababu yako."

Mzee akatikisa kichwa pole pole. Hakugusa miwani yake. "Kumbe nimenunua hewa," alisema.

Mama Mtaji ndiye aliyenyoosha mkono, akaivuta karatasi, akaichana vipande viwili na kumwekea Mzee mbele yake kwa mikono yote miwili. Kisha akamtazama Fundi.

"Kijana, fungu la mzee lisingenikimbiza. Ningelikubali. Kila kampuni changa ninayoingia ina shangazi au mjomba ambaye hakuandikwa. Tunawaandika, tunaendelea. Kinachonikimbiza ni vile ulivyocheka." Akafunga mkoba. "Umemkana baba mkwe wako mbele yangu, kesho utanikana mimi mbele ya nani?"

"Mama, nakuomba. Kuna watu karakana..."

"Najua. Nami nawasikitikia."

Akaondoka na Bwana Koma. Mlango ukajifunga wenyewe, kwa ule mlio laini wa milango ya gharama. Mezani simu ikaunguruma tena, ikaandika *Karakana*, ikazunguka kidogo, ikanyamaza.

Wakili alikusanya majalada yake. Hakukuwa tena na la kugombania. Baba yake alikuwa na haki ya sehemu moja ya kumi ya kampuni isiyo na pesa, yeye alikuwa na kidole chenye alama nyeupe, na Fundi alikuwa na pete kwenye ngumi. Akamshika Mzee mkono kumsaidia kusimama. Suti ilikuwa imekuwa kubwa ghafla.

Walikuwa wameufikia mlango Fundi aliposema.

"Ilikuwa hisa."

Wakili alisimama. Neno lenyewe lile. Alilingoja ukumbini kwa moyo wake wote, ambapo lingeokoa kila kitu, kampuni, ndoa, uso wa baba yake. Sasa lilikuwa limetoka, halikuwa na mwekezaji wa kulisikia wala mchumba wa kulipokea.

"Ilikuwa hisa, mzee," Fundi alirudia. Alikuwa analia sasa, tai yake bado imekaa upande. "Moja ya kumi. Nilikuahidi mimi mwenyewe. Nisamehe."

Mzee aligeuka. Alikuwa mtu wa adabu zake, na hakutaka kuondoka bila kuitika.

"Nashukuru, kijana," alisema, akamfungulia binti yake mlango.